Akt imewaka kwenye bloti, naruhusiwa kusema peptidi imelinda neuroni?

MwanaSeli ameandika:

Wakuu habari zenu, samahani kwa uzi mrefu. Niko mwaka wa kwanza masta, nimeingia maabara ya profesa wa biolojia ya molekuli ambaye kazi yake karibu yote ni peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino) zinazolinda neuroni na jinsi zinavyopeleka ishara ndani ya seli. Mimi nimetokea kwenye vimeng'enya huko, mambo ya ubongo ndo naanza kuyasoma, na kila pepa ninayofungua naona mchoro ule ule, peptidi juu, risepta kwenye utando wa seli, mishale inashuka, PI3K, Akt, ERK, CREB (protini za ndani zinazopokezana ishara), halafu chini kabisa wameandika seli inaishi. Sawa. Ila huo mshale wa mwisho hakuna anayeueleza, yaani Akt ikishapata fosfeti kinatokea nini hasa mpaka neuroni isife?

La pili, tumefanya jaribio dogo na seli za SH-SY5Y (seli za saratani ya neva zinazokuzwa maabara). Tumeweka peptidi, saa moja baadae tukamwaga glutameti ya kuziua, kesho yake tukapima MTT (kipimo cha rangi cha uhai wa seli) na visima vyenye peptidi viko juu. Akt yenye fosfeti nayo imewaka vizuri tu kwenye westani bloti, kile kipimo cha kuona protini kwa antibodi. Mwenzangu anasema njia ya ishara tumeshaipata, tuanze kuandika. Mimi roho inasita.

La tatu ndo linaniumiza kichwa zaidi, kama hivi vitu vinafanya kazi kwenye seli na kwenye panya, mbona mgonjwa wa kiharusi akifika hospitali hachomwi hata kimoja? Naomba msinijibu "utafiti unaendelea", hiyo nimeshiba.

Kinasi_Mzee amejibu:

Karibu sana mdogo wangu. Nianze na huo mshale wako maana wengi wanaupita kama hawajauona.

Chukua BDNF, kile kichocheo cha kulea neuroni, Barde na Thoenen waliichuja kutoka ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Yenyewe ni protini kamili, si peptidi fupi, lakini kuna peptidi kadhaa zilizotengenezwa kuiga kipande chake. BDNF haiingii ndani kuokoa chochote, inabisha hodi tu pale TrkB, risepta yake, na wenye nyumba ndo wanaofanya kazi. TrkB mbili zinakutana, kila moja inamwekea mwenzake fosfeti kwenye tairosini, PI3K inakuja kutengeneza PIP3, mafuta ya ishara, kwenye utando, Akt inavutwa hapo, kimeng'enya PDK1 inaiwekea fosfeti kwenye threonini 308 na mTORC2 inamalizia na serini 473. Hiyo 473 ndo antibodi za wengi zinayoiona, nadhani na ya kwenu pia.

Sasa sikiliza hapa. Kuna protini inaitwa BAD, ikiachwa huru inakwenda kwenye mitokondria inamshika Bcl-xL. Bcl-xL akishashikwa hana tena nguvu ya kuwazuia Bax na Bak, hao wanatoboa utando wa nje wa mitokondria, saitokromu c inavuja, kaspasi, vile vimeng'enya vya kuvunja seli, zinaamka, na ikifika hapo seli hairudi. Akt inachofanya ni kuiwekea BAD fosfeti kwenye serini 136, basi BAD inakamatwa na protini za 14-3-3 huko huko kwenye saitoplazimu na mitokondria haifikii. Huo ndo mshale wako mmoja. Mwingine, Akt inaifunga GSK-3β, kimeng'enya kingine kinachosukuma seli kufa, kwa fosfeti kwenye serini 9. Mwingine tena, inaifukuza FOXO, protini inayowasha jeni, kutoka kwenye kiini ili jeni za kifo zisisomwe. Na pembeni ERK inapitia kimeng'enya RSK inaiwekea CREB fosfeti kwenye serini 133, jeni kama za Bcl-2 na BDNF yenyewe zinaanza kusomwa, ila hilo linahitaji masaa mpaka protini ionekane. Kwa hiyo mimi huwa nagawa, kuna ulinzi wa dakika na kuna ulinzi wa masaa, na ukichora mchoro mmoja wa mishale vyote vinaonekana kama vimetokea kwa pamoja. Ndo maana nikiona pepa ina bloti ya muda mmoja tu naifunga mapema.

Njia si moja pia. Peptidi ya PACAP iliyogunduliwa na kundi la Arimura mwaka 1989 inakaa kwenye risepta za aina nyingine kabisa, inapandisha cAMP (molekuli ndogo ya ishara), kimeng'enya PKA kinaamka, na mwisho wa safari unamkuta CREB yule yule.

Ila kuna jambo ambalo michoro inalificha, ishara peke yake haina tabia njema wala mbaya. BDNF ikiwa bado haijakatwa, ile proBDNF, inaenda kukaa kwa p75, risepta nyingine, na inaweza kuiua neuroni ile ile ambayo BDNF iliyokomaa ingeilinda. Na kalisiamu ndo kabisa, Hardingham na Bading walionyesha mwaka 2002 kwamba ikiingia kupitia risepta za NMDA (milango inayofunguliwa na glutameti) zilizo kwenye sinapsi, yaani maungio ya neuroni, inaiamsha CREB, ikiingia kupitia zile zilizo nje ya sinapsi inaizima CREB na seli inaelekea kufa. Ioni ni ile ile, mlango ndo tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia "peptidi yangu inawasha ERK" muulize wapi, kwa muda gani, na kwenye seli ya namna gani.

Bi_Pipeti amejibu:

Mzee kashamaliza nadharia, mimi nakuja na meza ya maabara. MwanaSeli jibu la swali lako la pili ni hapana, haitoshi, na huyo mwenzako mwambie kwa upole aache kwanza kuandika.

Anza na hizo seli. SH-SY5Y ambazo hamjazikomaza kwa asidi ya retinoiki zina TrkB kidogo mno, kwa hiyo kama peptidi yenu inaiga BDNF risepta yenyewe ipo? Mmeiangalia? Na risepta za NMDA zinazofanya kazi nazo ni shida kwenye hizo seli. Sasa mkimwaga glutameti ya milimola kadhaa na seli zikafa, kifo hicho kinaweza kisihusiane kabisa na kalisiamu kupitia NMDA, glutameti nyingi inazuia sistini isiingie, glutathioni inaisha, seli inaungua na oksijeni. Ukiandika hapo "tumeiga kiharusi" reviewa yeyote aliyewahi kukuza neuroni za kweli atakuchana.

Pili MTT. Hiyo haihesabu seli zilizo hai, inapima jinsi seli inavyochakata ile rangi, yaani metaboli. Na Akt kazi yake mojawapo ni kupandisha matumizi ya glukosi! Unaona mtego ulipo? Peptidi ikiwasha Akt, MTT inaweza kupanda hata kama idadi ya seli ni ile ile. Weka na LDH (kimeng'enya cha ndani ya seli) inayovuja kwenye midia, weka kaspasi 3 iliyokatwa, na kaa chini ya hadubini uhesabu viini vilivyosinyaa. Inachosha najua.

Tatu bloti. Mmepiga na Akt ya jumla, yaani yote, yenye fosfeti na isiyo nayo? Hujaitaja kwa hiyo nadhani hapana. Bendi ya fosfo peke yake haisemi kitu, labda kisima kile kilikuwa na protini nyingi tu. Halafu mnavunja seli vipi, maana fosfeti zinaondoka haraka kuliko unavyofikiri, sahani ikitoka tu inkubeta inakaa kwenye barafu, bafa iwe baridi na vizuia fosfatasi viwe vimewekwa siku hiyo hiyo, si ile bafa iliyokaa frijini tangu mwezi juzi yenye jina la mtu aliyeshahama maabara. Kuzuia membreni tumia BSA (albumini ya ng'ombe), maziwa yana kaseini na kaseini imejaa fosfeti, antibodi zingine za fosfo zinakupa giza kila mahali. Na midia je? Kama kuna siramu, au mmeweka B27 au N2 (virutubisho vya neuroni), basi mna insulini humo ndani na insulini inawasha PI3K na Akt bila kuhitaji peptidi yenu. Seli zinakuwa zimeshawaka kabla hujafika.

Kontroli sasa. Peptidi yenye asidi amino zile zile ila mpangilio umevurugwa, lazima. Na kama mmeiunganisha na Tat (kipande cha protini chenye arjinini nyingi) ili ipenye utando basi ile iliyovurugwa nayo iwe na Tat, kwa sababu peptidi zenye arjinini nyingi zinalinda neuroni zenyewe tu bila ujumbe wowote, Meloni na wenzake kule Perth wameonyesha hilo kwa mfululizo wa arjinini tupu. Pia muulize aliyewauzia ni chumvi ya nini, peptidi nyingi zinatoka kwenye usafishaji zikiwa na TFA, asidi ya usafishaji, na hiyo kwa dozi kubwa inasumbua seli. Na zingine zinaganda kwenye plastiki, unafikiri umeweka nanomola kumi kumbe nusu imebaki kwenye tyubu.

Mwisho ndo neno "kupitia". Ukitaka kusema kupitia Akt, izime Akt uone ulinzi unapotea. Wortmannin au LY294002, vizuia PI3K, halafu siRNA (ya kuzima jeni ya Akt) juu yake, maana LY inagusa vitu vingine pia. Na lazima kuwe na kisima chenye LY peke yake bila glutameti, kwa sababu kuzima PI3K kunaweza kuua seli kivyake ukadhani umeondoa ulinzi.

DktWaZamu amejibu:

Mimi nipo upande wa wodi nachukua swali la tatu. Na hujibiwi "utafiti unaendelea", nakupa historia.

Kuna peptidi inaitwa nerinetide, jina la zamani NA-1. Ina asidi amino 20, kumi na moja za kwanza ni Tat ya virusi vya HIV kwa ajili ya kupenya, tisa za mwisho zimenakiliwa kutoka mkia wa risepta ya NMDA. Wazo la kundi la Tymianski kule Toronto lilikuwa zuri sana na ni la mtu wa ishara kama supavaiza wako, badala ya kuiziba risepta ya NMDA nzima, ambayo ubongo unaihitaji, unaitenganisha tu na PSD-95, ile protini inayoiweka risepta karibu na kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksidi. Kalisiamu inaingia kama kawaida lakini naitriki oksidi yenye sumu haitengenezwi kwa wingi. Walitoa kwenye panya mwaka 2002, mwaka 2012 wakaonyesha kwa nyani, kitu ambacho wengi hawafanyi. Mwaka huo huo jaribio dogo kwa watu likaonyesha vidonda vichache zaidi kwenye ubongo kwa waliopewa peptidi, baada ya kutibiwa anyurizimu (mshipa wa damu uliovimba).

Kisha likaja kubwa, ESCAPE-NA1, likatoka 2020, wagonjwa 1,105, wote donge la damu linavutwa kwa katheta. Waliofikia hali nzuri baada ya siku 90, asilimia 61.4 kwa peptidi na asilimia 59.2 kwa plasibo. Yaani hakuna. Lakini ukiwagawa, wale ambao hawakupewa alteplase, ile dawa ya kuyeyusha damu, ilikuwa 59.3 dhidi ya 49.8. Kwa nini? Alteplase inaamsha plazimini na plazimini inakata protini, na nerinetide imejaa pale pale inapopenda kukata. Damu ya waliopewa vyote viwili ilikuwa na peptidi kidogo. Fikiria, dawa imepita miaka karibu ishirini ya utafiti inakwenda kukatwa vipande na dawa nyingine kwenye mshipa ule ule.

Kwenye seli za sahani plazimini haipo, ndo maana hukuiona.

Kinasi_Mzee amejibu:

Daktari hapo unanipa nguvu, biolojia ilikuwa sahihi, kilichokosewa ni kemia. Ile sehemu ya Tat ikitengenezwa kwa asidi amino za mkono wa kulia plazimini haiitambui, na toleo hilo lipo tayari. Mimi bado naamini hiyo njia ya PSD-95.

DktWaZamu amejibu:

Mzee wangu heshima yako, ila usikimbie. Wakafanya jaribio lingine, ESCAPE-NEXT, safari hii wakachagua wasiopewa alteplase tu, na nerinetide haikuonyesha faida. Kwa hiyo lile kundi dogo la 2020 halikusimama. Mimi nikiona faida imetoka kwenye kundi lililogawanywa baadae nasubiri jaribio lake lenyewe kabla ya kushangilia.

Na siyo hiyo tu. Davunetide, asidi amino nane tu, NAPVSIPQ, imetoka kwenye protini ya ADNP ya kundi la Illana Gozes, kwenye seli inafanya kazi kwa femtomola ambayo ni kiasi cha kushangaza. Wakaipuliza puani kwa wagonjwa 313 wa PSP (ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson) kwa wiki 52, majibu yakachapishwa 2014, hakuna tofauti. BDNF yenyewe ilichomwa chini ya ngozi kwa wagonjwa wa ALS (ugonjwa unaoua neuroni za misuli) zaidi ya 1,100, 1999 ikaonekana haijasaidia, na hapo sidhani kama ilifika kwenye neuroni za uti wa mgongo kwa kiasi cha maana. Kuna hesabu ya 2006, watu walikusanya matibabu 1,026 yaliyojaribiwa kwa kiharusi, mengi yalikuwa mazuri kwa wanyama.

MwanaSeli mimi nakuuliza swali moja tu. Mmeweka peptidi saa moja KABLA ya glutameti. Mgonjwa gani anakuja hospitali saa moja kabla ya kiharusi?

Mjukuu_wa_Bibi amejibu:

Samahanini wataalamu mimi si mtu wa sayansi nimefika hapa kwa kutafuta. Mama yangu ana Parkinson, nimeona mtandaoni wanauza vichupa vya peptidi za kulinda ubongo vimeandikwa kwa ajili ya utafiti tu, mtu anachanganya na maji anajichoma tumboni, wanaotumia wanasifia sana. Je nimnunulie?

DktWaZamu amejibu:

Usimnunulie mama. Hiyo maandishi ya "kwa utafiti tu" maana yake aliyeuza hataki kuulizwa kilichomo ndani, kama ni safi, kama ni kiasi kile, kama kina bakteria. Peptidi nyingi fupi zinavunjwa ndani ya dakika chache kwenye damu na zilizo nyingi hazivuki kizuizi cha damu na ubongo, kwa hiyo hata ikiwa ya kweli unamtoboa tumbo tu.

Nikupe na mfano wa peptidi iliyofanyiwa kazi kihalali kwa ugonjwa huo huo wa mama. Exenatide, ni dawa ya kisukari, asili yake mate ya mjusi mmoja wa Marekani mwenye sumu. Mwaka 2017 jaribio dogo la Parkinson lilileta matumaini sana. Likafuata kubwa zaidi, watu 194, wiki 96, majibu 2025, haikusaidia. Ndugu yake lixisenatide mwaka 2024 kwa watu 156 ilionyesha tofauti ndogo ya mwendo, na wengi walipata kichefuchefu, baadhi wakatapika. Hao walikuwa na madaktari, vipimo na dawa safi. Dawa za mama alizoandikiwa hakikisha anazipata kwa saa zilezile kila siku, na mazoezi ya viungo yapo, yasidharauliwe. Pole sana na mpe salamu.

Mjukuu_wa_Bibi amejibu:

Asante sana daktari. Nimeelewa, sinunui.

MwanaSeli amejibu:

Aisee nimesoma uzi wote mara mbili. Daktari swali lako la saa moja kabla limenikaa, nilimpelekea supavaiza akacheka akasema hilo ndo alikuwa anasubiri niulize mwenyewe. Nimemwonyesha mwenzangu na komenti ya Bi Pipeti kuhusu MTT na Akt, amenuna kidogo ila amekubali tusiandike bado.

Tumepanga hivi: neuroni za gamba la ubongo wa panya badala ya SH-SY5Y, midia isiyo na insulini masaa ya mwisho, glutameti kwanza halafu peptidi baadae. Swali, baadae ya muda gani? Na Akt niikamate dakika ya ngapi?

Kinasi_Mzee amejibu:

Akt usiikamate dakika moja, chora muda. Dakika 5, 15, 30, saa 1, masaa 6. Ikiwaka dakika 15 na ikazimika kabisa saa 1 hiyo ni hadithi tofauti na ikibaki inawaka masaa 6. Na pima BAD ya serini 136 pale pale kwenye sampuli zile zile, Akt kuwaka bila BAD kuguswa bado hujaufikia ule mshale uliokuwa unaulizia.

Bi_Pipeti amejibu:

Peptidi weka dakika 30 baada ya glutameti, kingine saa 1, kingine masaa 3. Jiandae ulinzi upungue kadri unavyochelewa, ndivyo inavyokuwa mara nyingi, na hiyo mistari inayoshuka ndo grafu ambayo daktari atataka kuiona. Ukikuta baada ya masaa 3 Akt inawaka vizuri lakini viini vinasinyaa vile vile, hiyo nayo ni data, usiifiche kwenye droo.

Neuroni za panya usizitese kabla ya siku ya kumi au zaidi kwenye sahani, zikiwa changa risepta za NMDA hazijakomaa na glutameti haiziui vizuri, utakaa unashangaa mbona hata kontroli zinaishi. Pima kipimo cha glutameti kwanza bila peptidi kabisa, tafuta kile kinachoua karibu nusu, ukiua zote hakuna peptidi itakayoonekana na usipoua huna cha kulinda.

Na ile membreni ya kwanza kama bado iko mvua kwenye bafa usiitupe, ivue antibodi uipige tena na Akt ya jumla leo leo. Picha ikitoka iweke hapa.